John Adams na barua zilizomrudishia rafiki

Alfajiri ya tarehe 4 Machi mwaka 1801, saa kumi, gari la abiria linalokokotwa na farasi liliondoka katika mji mpya wa Washington likielekea kaskazini. Miongoni mwa abiria alikuwamo mzee wa miaka 65, mfupi na mnene, ambaye hadi siku hiyo alikuwa rais wa Marekani. Jina lake John Adams. Saa chache baadaye mrithi wake, Thomas Jefferson, aliapishwa.

Ilikuwa mara ya kwanza katika taifa hilo changa kwa chama kilichokuwa madarakani kushindwa katika uchaguzi wa rais na kuwakabidhi wapinzani wake serikali. Hapakufyatuliwa risasi, wala jeshi halikuitwa. Hata hivyo, aliyeshindwa hakuhudhuria sherehe ya aliyeshinda.

Watu hao wawili walikuwa wamefahamiana kwa zaidi ya robo karne. Walikuwa marafiki wa karibu, kisha wakawa mahasimu. Urafiki wao ulivunjwa, kwa sehemu kubwa, na maandishi: maneno ya siri yaliyosomwa na umma, na barua ambayo haikutumwa. Na ni kwa maandishi vilevile urafiki huo ulikuja kurejea.

Mwana wa mkulima

John Adams alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1735 huko Braintree, katika koloni la Uingereza la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima na mshona viatu, na pia shemasi wa kanisa. Kijana huyo alihitimu katika chuo cha Harvard mwaka 1755, akafundisha shule kwa muda katika mji wa Worcester, kisha akasomea sheria.

Mwaka 1764 alimwoa Abigail Smith, binti wa mchungaji. Abigail hakupelekwa shule, lakini alisoma kwa bidii vitabu vilivyokuwamo nyumbani kwao, na akawa mshauri ambaye mumewe alimtegemea kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa kuwa siasa ziliwatenganisha kwa miezi, na mara nyingine kwa miaka, wawili hao waliandikiana mno. Zaidi ya barua zao 1,100 zimehifadhiwa hadi leo. Katika barua ya Machi 1776, Abigail alimtaka mumewe awakumbuke wanawake katika sheria za taifa lililokuwa likikaribia kuzaliwa. Adams alilichukulia ombi hilo kama mzaha.

Ujasiri wake ulidhihirika mapema. Mwezi Machi 1770 askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati katika mji wa Boston, na watu 5 wakafa. Ghadhabu ya wananchi ilikuwa kubwa, na mawakili wengi hawakutaka kuwatetea askari hao. Adams, ingawa alikuwa mpinzani wa sera za Uingereza, alikubali kwa hoja kwamba kila mshtakiwa anastahili wakili. Kapteni aliachiwa huru, na askari 6 kati ya 8 wakaonekana hawana hatia. Wawili walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Miaka 4 baadaye alichaguliwa kuiwakilisha Massachusetts katika bunge la makoloni lililokutana Philadelphia. Yeye ndiye aliyependekeza, mwaka 1775, kwamba George Washington aongoze jeshi. Katika bunge hilo hilo alikutana na Thomas Jefferson, kijana mrefu na mkimya kutoka Virginia, aliyemzidi kwa miaka 7 na ushei.

Mwaka 1776 wote wawili waliteuliwa katika kamati ya watu 5 iliyotakiwa kutayarisha Tangazo la Uhuru. Jefferson, aliyesifika kwa uandishi, ndiye aliyeandika rasimu. Adams, aliyekuwa msemaji hodari, alisimama bungeni kuitetea. Kazi ya mmoja ilikamilishwa na mwenzake.

Marafiki ugenini

Urafiki wao ulikomaa Ulaya. Adams alipelekwa Ufaransa mwaka 1778. Baadaye alifanikiwa kupata mkopo mkubwa kwa taifa lake nchini Uholanzi, na akawa miongoni mwa waliotia saini mkataba wa mwaka 1783 ambao kwao Uingereza iliutambua uhuru wa Marekani. Jefferson aliwasili Paris mwaka 1784, akiwa mjane aliyeelemewa na majonzi, na familia ya Adams ikampokea kama ndugu.

Mwaka uliofuata Adams alihamia London akiwa mwakilishi wa kwanza wa Marekani nchini Uingereza. Tangu hapo barua zikawa zinavuka mlango wa bahari kati ya London na Paris. Baadhi zilihusu bei ya mvinyo na nguo, nyingine mambo mazito ya dola.

Suala moja lilikuwa mashambulizi dhidi ya meli za Marekani katika bahari ya Mediterania yaliyofanywa na dola za Afrika Kaskazini. Mwaka 1786 wawili hao walikutana London na balozi wa Tripoli, kisha wakamwandikia taarifa ya pamoja John Jay, aliyesimamia mambo ya nje ya nchi yao. Baada ya hapo walijadiliana kwa barua. Adams aliona kuwa kulipa kunagharimu kidogo kuliko kupigana. Jefferson alitaka manowari. Hawakuafikiana, lakini hakuna aliyemtukana mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa pia walipoletewa katiba mpya ya nchi yao mwaka 1787. Jefferson alihofia kwamba rais angechaguliwa tena na tena hadi kufa. Adams alimjibu kwamba yeye hakumhofia mtu mmoja bali kundi dogo la matajiri na wenye majina ambalo lingeliteka bunge la Seneti. Hofu hizo mbili baadaye zilizaa vyama viwili.

Mwaka huo huo binti mdogo wa Jefferson, Mary, mwenye umri wa miaka 8, aliwasili London kwa meli akisindikizwa na msichana mtumwa aitwaye Sally Hemings. Abigail alimtunza mtoto huyo kwa majuma kadhaa kabla hajapelekwa kwa baba yake Paris. Wema huo ulikuja kukumbukwa miaka 17 baadaye.

Barua ambayo haikufika

Serikali mpya ilipoanza mwaka 1789, Washington alikuwa rais, Adams makamu wake, na Jefferson akateuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwagawa. Jefferson aliyashangilia, Adams akatabiri umwagaji wa damu.

Mwaka 1791 Jefferson alipeleka kitabu cha Thomas Paine kwa mpiga chapa, pamoja na kijibarua kilichofurahia kwamba sasa kungekuwa na jibu kwa mafundisho potofu ya kisiasa yaliyokuwa yamezuka nchini. Mpiga chapa alikitoa kijibarua hicho mwanzoni mwa kitabu bila idhini. Kila aliyekisoma alielewa kuwa aliyelengwa ni makamu wa rais. Mwezi Julai Jefferson alimwandikia Adams kumweleza kwamba hakukusudia maneno yake yatoke hadharani. Adams alijibu kwa upole, lakini imani kati yao ilikuwa imepungua.

Mwaka 1796 walishindana kuwania urais. Adams alipata kura 71 za wajumbe wa uchaguzi, Jefferson 68, na kwa utaratibu wa wakati huo aliyeshika nafasi ya pili akawa makamu wa rais. Tarehe 28 Desemba, Jefferson alimwandikia Adams barua ya kumpongeza, akimhakikishia kwamba hakuwa na tamaa ya kutawala na kumwonya dhidi ya hila za Alexander Hamilton, kiongozi mwenye nguvu wa chama cha Adams mwenyewe cha Federalist.

Lakini barua hiyo aliipeleka kwanza kwa rafiki yake James Madison ili aipitie. Madison alishauri isitumwe. Alihofia kwamba, siku Jefferson atakapolazimika kumpinga rais, sifa alizomwandikia zingetumiwa kumfunga mdomo. Jefferson alikubali, na Adams akaingia madarakani pasipo kuisoma.

Rais na hofu ya maneno

Adams alifanya kosa la kuwabakiza mawaziri wa Washington. Timothy Pickering wa mambo ya nje, James McHenry wa vita na Oliver Wolcott wa hazina walikuwa wakimwandikia Hamilton, aliyekuwa raia tu huko New York, kutaka ushauri wake juu ya mambo ambayo rais aliwauliza wao. Kwa muda mrefu Adams aliongoza serikali iliyopokea maelekezo kwa mtu mwingine.

Ufaransa nayo ilikuwa ikizikamata meli za Marekani. Wajumbe waliotumwa Paris kutafuta suluhu waliombwa rushwa, na taarifa zao zilipotolewa bungeni mwaka 1798 nchi nzima ilitaka vita. Katika joto hilo Adams alitia saini sheria ya uchochezi iliyomwadhibu yeyote aliyechapisha maneno ya uongo na chuki dhidi ya serikali. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 2,000.

Sheria hiyo ndiyo doa kubwa katika urais wake. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi 4, na miongoni mwa ushahidi dhidi yake ilikuwa barua aliyoipeleka gazetini. Wapiga kura wake walimrudisha bungeni akiwa angali gerezani. Makamu wa rais mwenyewe hakuiamini tena posta, akihofia barua zake zingefunguliwa njiani. Kwa siri, Jefferson aliandika rasimu ya azimio la jimbo la Kentucky lililoipinga sheria hiyo.

Hata hivyo, Adams alikataa vita kamili. Mwaka 1799 alitangaza, bila kuwashauri mawaziri wake, kwamba atapeleka wajumbe wa amani Ufaransa. Mwaka uliofuata aliwaondoa McHenry na Pickering. Hamilton alilipiza kwa waraka mrefu wa kumshambulia rais wa chama chake, uliokusudiwa kusomwa na wakuu wachache. Waraka huo ulivuja na kuingia magazetini majuma machache kabla ya uchaguzi.

Mkataba wa amani ulitiwa saini mwishoni mwa Septemba 1800, lakini habari zake zilivuka bahari zikiwa zimechelewa mno kumsaidia. Jefferson alipata kura 73, Adams 65. Katika siku hizo hizo mwanawe Charles alifariki dunia, akiwa ameharibiwa na ulevi.

Kimya cha miaka 11

Siku 4 baada ya kuapishwa, Jefferson alimpelekea Adams barua iliyofika Washington kwa jina lake na ambayo yeye aliifungua kwa bahati mbaya. Adams alimshukuru, akamweleza kwamba ilihusu mazishi ya mwanawe, na akamtakia utawala wenye amani. Jefferson hakujibu. Kuanzia hapo kimya kilitanda kwa takriban miaka 11.

Mara moja tu ukimya huo ulivunjwa, tena bila Adams kujua. Mwaka 1804 Mary, yule mtoto wa London, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 25. Abigail aliguswa, akamwandikia Jefferson rambirambi. Jefferson alijibu kwa shukrani, ila akagusia kwamba kitendo kimoja tu cha Adams kilimuuma: kuteua majaji katika siku za mwisho za utawala wake. Abigail hakuliacha hilo lipite. Alimkumbusha kwamba yeye Jefferson alimsaidia kwa fedha James Callender, mwandishi aliyemchafua mumewe. Majibizano yaliendelea kwa miezi kadhaa, kisha Abigail akayafunga. Baadaye alimwonyesha mumewe barua zote. Adams alizisoma, akaandika pembeni kwamba hakuwa na la kusema.

Vipande viwili vya kitambaa

Aliyewapatanisha ni Benjamin Rush, tabibu wa Philadelphia aliyekuwa miongoni mwa waliotia saini Tangazo la Uhuru. Mwaka 1809 alimwandikia Adams kwamba ameota ndoto ambamo marais hao wawili wastaafu walirejea kuandikiana. Adams aliifurahia ndoto hiyo, lakini hakuchukua kalamu.

Mwaka 1811 vijana wawili wa Virginia, majirani wa Jefferson, walimtembelea Adams nyumbani kwake Quincy. Katika mazungumzo mzee huyo alisema kwamba siku zote alimpenda Jefferson na bado anampenda. Maneno hayo yalifika Monticello, nyumbani kwa Jefferson, naye akamwandikia Rush kwamba hayo yanamtosha. Yaliyopita si ndwele, Waswahili husema, na wazee hao walikuwa tayari kuganga yajayo.

Tarehe 1 Januari 1812 Adams aliandika barua fupi akimjulisha Jefferson kwamba amemtumia vipande viwili vilivyofumwa nyumbani. Barua ilitangulia, kifurushi kikachelewa. Jefferson, akidhani ni vitambaa, alijibu kwa maelezo marefu juu ya ufumaji wa nguo katika kaya za Virginia. Kifurushi kilipofika, alikuta ni vitabu viwili vya mihadhara iliyotolewa Harvard na John Quincy Adams, mtoto wa Adams.

Mzaha huo ulifungua mlango. Katika miaka 14 iliyofuata waliandikiana zaidi ya barua 150, na Adams aliandika takriban mbili kwa kila moja ya Jefferson. Mwaka 1813 Adams alisema kwamba haifai wafe kabla ya kuelezana. Wakaelezana. Jefferson aliamini kwamba kila taifa lina watu bora kwa maadili na vipaji, na kwamba elimu na uchaguzi huru vitawabainisha. Adams alimwambia kuwa wapiga kura daima watavutwa na mali, sura na jina la ukoo, hivyo usalama pekee ni sheria zinazowadhibiti wakubwa. Mwaka 1816 Jefferson alikiri kwamba kuhusu Ufaransa utabiri wa Adams ulikuwa wa kweli kuliko wake.

Abigail alipofariki mwaka 1818, Jefferson aliandika barua fupi ya faraja, akijua msiba wa kufiwa na mke. Miili ilidhoofika. Mikono ya Adams ilitetemeka hata akalazimika kuwasomea wengine maneno yake wayaandike. Jefferson aliumwa na kifundo cha mkono alichokivunja Paris mwaka 1786.

Wingu juu ya taifa

Jambo moja walilizunguka zaidi kuliko kuliingia. Adams hakuwahi kumiliki mtumwa. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki zaidi ya watu 600 katika uhai wake. Wanahistoria wengi sasa wanakubali kwamba ndiye baba wa watoto wa Sally Hemings, hasa baada ya uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998.

Mzozo wa mwaka 1820 kuhusu kuruhusu utumwa katika jimbo jipya la Missouri uliwalazimisha kuugusa mjadala huo. Mwaka 1821 Adams alimwandikia Jefferson kwamba kwa nusu karne ameuona utumwa ukining'inia juu ya nchi kama wingu jeusi, lakini akaongeza kuwa amewaachia watu wa kusini suala hilo. Huo ulikuwa uungwana kwa rafiki, nao ulikuwa na gharama ambayo si wao wawili walioilipa. Miaka 40 baadaye wingu hilo lilipasuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mtihani wa mwisho

Mwaka 1823 yale ya 1791 yalijirudia. Barua za siri ambazo Adams alimwandikia jamaa yake William Cunningham katika miaka ya uhasama, zikiwa na maneno makali dhidi ya Jefferson, zilichapishwa. Lengo lilikuwa kumharibia John Quincy Adams, aliyekuwa akiwania urais.

Safari hii Jefferson hakusubiri. Alimwandikia mzee mwenzake kwamba asisumbuke, kwani hakuna karatasi ya zamani itakayoweza kuharibu urafiki wa karibu nusu karne. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti mezani wakati wa kifungua kinywa nyumbani kwa Adams, na jamaa wote wakaisifu.

Mwezi Machi 1826 Jefferson aliandika kwa mara ya mwisho, akiomba mjukuu wake apokewe Quincy ili siku moja asimulie kwamba alimwona mmoja wa waasisi wa taifa. Adams alijibu mwezi Aprili, akimsifu kijana huyo.

Tarehe 4 Julai 1826 Marekani iliadhimisha miaka 50 ya Tangazo la Uhuru. Jefferson alifariki dunia Monticello mchana wa siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 83. Mamia ya kilomita kutoka hapo, Adams alikata roho jioni, akiwa na miaka 90. Husimuliwa kwamba alimtaja Jefferson katika maneno yake ya mwisho, akidhani bado yu hai. John Quincy Adams alikuwa rais wakati huo.

Jefferson aliacha madeni ya zaidi ya dola 100,000. Mwezi Januari 1827 watumwa wake 130 walitangazwa kuuzwa kwa mnada Monticello, pamoja na mifugo na samani.

Barua za watu hao sasa zimetunzwa Boston na Washington, na tangu mwaka 2013 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani imeziweka kwenye intaneti, ambako msomaji aliye Mombasa au Muscat anaweza kuzisoma bila malipo. Miongoni mwake imo pia ile ya tarehe 28 Desemba 1796, ambayo Jefferson aliiandika na Adams hakuipokea.